Jiaogulan ndani ya nyumba: nunua mche, achana na mbegu

Karibuni sana. Leo mezani nina jiaogulan, mmea wa porini ambao wengi wenu hamjawahi kuuona, na nina pakiti ya mbegu zake. Kipi ununue? Mche, wala usifikirie mara mbili. Mbegu zina ganda gumu, lazima uziloweke kwanza, na hata hapo zinaota zinapojisikia: moja leo, nyingine wiki kadhaa baadaye. Kama zimekaa rafuni muda mrefu, ndiyo kabisa. Basi, pakiti naiweka pembeni.

Sasa mche wenyewe, ngoja niusogeze kwenye kamera. Kitaalamu ni Gynostemma pentaphyllum, ndugu wa maboga na matango. Kwao ni China, Japani, Vietnam na nchi za jirani, na hutambaa kwenye vivuli vya misitu. Jani limegawanyika vipande, mara nyingi vitano, kama vidole vya mkono. Lakini jamani, usinunue kwa kuhesabu vidole tu! Kuna gugu la jamii ya zabibu, Causonis japonica, nalo lina vipande vitanovitano, na ni rahisi kuuziwa hilo.

Tazama hapa kwenye kifundo, yaani pale jani linaposhikana na shina. Unaona kikono, hiki kiuzi kinachojiviringisha? Kwa jiaogulan kinachomoza palepale ubavuni mwa kikonyo cha jani. Kwa jamii ya zabibu kinatokea upande wa pili wa shina, kinatazamana na jani. Kwa hiyo ukinunua mtandaoni, mwombe muuzaji picha ya karibu ya kifundo. Akianza kuzungukazunguka, tafuta mwingine.

Kuutunza sasa. Huu ni mmea wa kivulini, kwa hiyo dirisha lenye mwanga bila jua kali linautosha. Jua la mchana likiupiga moja kwa moja, majani yanapauka halafu yanaungua kingo. Udongo uwe na mboji ya kutosha na mchanga kidogo, na chungu kiwe na matundu chini. Majani ni membamba, hivyo ukichelewesha maji unanyauka mapema. Ukiunywesha kabla haujakauka, unasimama tena. Ila maji yasituame kwenye kisahani, mizizi itaoza. Mpe fito au kamba ya kupandia, la sivyo utakuta umeshikana na pazia.

Adui mkubwa ndani ya nyumba ni utitiri, hasa hewa ikiwa kavu. Geuza jani: ukiona vidoa vya njano na utando mwembamba kama wa buibui, peleka chungu bafuni, uoshe majani upande wa chini, na urudie baada ya siku chache. Ukikaa penye baridi kali, majani yanaweza kupukutika msimu huo. Usiutupe, maana mzizi unaweza kuwa hai na ukachipua tena.

Kuna hili la chai. Majani yana utamu unaofuatiwa na uchungu kidogo, mimi nimeipenda. Yana saponini, yaani kemikali za mimea zinazotoa povu kama sabuni, za aina inayofanana na zile za ginseng, ule mzizi wa dawa za asili za Asia, na hapo ndipo wauzaji wanapopata la kusema: vibandiko vinaahidi maisha marefu. Ahadi hiyo siipi hata alama moja, nakadiria mmea tu. Na kama unatumia dawa za kuyeyusha damu au za kisukari, au una ujauzito, ongea na daktari kabla ya kuunywa.

Alama zangu: nane kwa kumi. Mbili nimezikata kwa sababu ya kiu yake, haumfai mtu wa safari za mara kwa mara. Na nunua mche mmoja tu, usishawishike na ofa ya mitatu. Kata kipande chenye vifundo viwili, toa majani ya chini, kisimamishe kwenye glasi ya maji. Kwa wiki moja au mbili kifundo kinatoa mizizi, unahamishia kwenye udongo.