Tahadhari: Nahodha wa "ofa" Watamu anakuvulisha ndani ya hifadhi ya bahari, kisha anakugeuzia kibao

Ndugu zangu mnaopanga kuja Pwani kuvua, na hasa nyinyi mnaopanga mambo mkiwa mbali, Nairobi, Kampala au Maskati, someni hapa kabla hamjatuma hata shilingi moja. Kuna mtu anauza safari za kuvua Watamu, pwani ya Kenya, kwa bei ya kuvutia mtandaoni. Tumeshapita mikononi mwake: mimi, baba yangu mzazi, mdogo wangu na binti yangu wa miaka 11. Alitula shilingi 21,000. Pesa zinauma, lakini nimeandika hasa kwa sababu ya jinsi alivyotufunga midomo, maana najua kuna wengine aliowafunga vilevile na bado wamenyamaza.

Jina la ukurasa wake siliandiki. Wiki ile tuliyorudi niliutafuta nikaukuta una jina jingine, picha zilezile. Nikikupa jina la leo utakuwa unalinda mlango ambao mwizi ameshautoka. Bora ujue anavyofanya kazi.

Mdogo wangu yuko kazini Maskati, akaja likizo mwezi wa Julai. Baba amestaafu bandarini Kilindini, lakini ni mzaliwa wa Faza, na utoto wake wote umepita kwenye mshipi wa mkono. Kila tukikaa baada ya chakula husema anatamani siku moja avue bila kufikiria mnada. Tukasema safari hii tumtimizie.

Ofa ilikuwa hivi: saa tano baharini, watu wanne, boti ya injini mbili, rodi, chambo, maji ya kunywa na jaketi za kuokolea maisha, yote kwa 24,000. Manahodha wengine tuliowauliza walitaja kuanzia 35,000 kwenda juu, na wawili wakatuambia wazi kwamba Julai hawatoi chombo. Mmoja alisema, "Kusi limekaza, mzee wako atateseka bure, njooni mwezi wa kumi." Sisi tukaona huyo hataki kazi. Leo namwona ndiye aliyekuwa mkweli kuliko wote. Asiyeijua pwani hii afahamu kwamba kusi huvuma tangu Aprili au Mei hadi Septemba hivi, na katikati yake, Juni na Julai, maji ya nje ya mwamba huchafuka sana. Wenye boti za kuvulisha wageni wengi huzipandisha nchi kavu wakazitengeneza, wakangoja pepo zinazofuata, matlai na kaskazi. Kwa hiyo mtu anayekupa "ofa" ya kuvua Julai, muulize kwanza atakupeleka wapi, kwa sababu nje hakufikiki. Akikujibu kwamba anapajua mahali palipotulia, hapo ndipo pa kushtuka, na mbele nitaeleza sababu.

Dalili ya pili aliiona baba. Tulimpa simu aziangalie picha, akavaa miwani, akapita moja baada ya moja, akasimama kwenye picha ya kijana ameshika samaki wa rangi ya fedha mwenye mstari mweusi uliopita ubavuni kama umepigwa kwa rula, kutoka kwenye shavu mpaka mkiani. Akasema, "Huyu simjui." Tukamwambia labda ni wa maji ya mbali. Akarudisha simu, hakusema zaidi. Tulipokwisha kuliwa ndipo mdogo wangu alipoipitisha picha ile kwenye Google Lens, na ikatua Florida. Samaki yule Wamarekani humwita snook, anaishi pwani za bara la Amerika, huku kwetu hayupo kabisa. Mzee aliyevua tangu akiwa na miaka saba alituambia hamjui samaki wa "Watamu", na sisi tukaamini ukurasa.

Arubuni ilikuwa nusu, 12,000, kwa M-Pesa, kwenye namba ya mtu binafsi. Jina lililotokea lilikuwa la mwanamke. Akasema ni mke wake, laini yake imejaa. Usiku wa kuamkia safari akaomba 3,000 nyingine za "ada ya KWS", shirika la wanyamapori la Kenya linalosimamia hifadhi. Tukatuma.

Asubuhi tukakuta boti ya faiba ya futi kumi na nane hivi, injini moja, kifuniko chake kimefungwa kwa mpira wa tyubu, na petroli imo kwenye mtungi wa lita 20 uliozibwa kwa kipande cha nailoni. Boti ya kwenye picha "iko gereji". Jaketi zilikuwa mbili, na tulikuwa watu sita pamoja na yeye na kijana wake. Niliishika moja nikaibinya sponji yake, ikakatika vipande vidogo mkononi mwangu kama mkate mkavu. Ya pili ilikuwa nzima lakini kifungo hakimo. Baba akachukua kipande cha mshipi, akamfunga mjukuu wake kifuani fundo mbili, akavuta kujaribu, akamwambia, "Hili halifunguki mpaka nilifungue mimi." Hapo tungegeuka nyumbani. Hatukugeuka, kwa sababu pesa ilikuwa imeshatoka na mtoto ameshakaa botini. Arubuni kubwa huwa na kazi hiyo: inakufanya upande kitu ambacho ungekikataa.

Hatukwenda hata robo saa, akazima injini mahali maji meupe, unaona matumbawe chini. Pametulia kweli, mwamba unakinga mawimbi. Tukashusha ndoana zenye ngisi. Binti yangu ndiye wa kwanza kuguswa, akapandisha tewa mdogo, urefu wa kiganja changu, madoadoa ya kahawia mwili mzima. Alipiga kelele za furaha mpaka kijana wa boti akatoa simu kumpiga video. Mimi nikashukuru, nikadhani ni ukarimu.

Baba hakuwa anatazama samaki. Alikuwa anatazama boya lililoelea upande wa nje yetu. Akauliza, "Lile boya la nini?" Nahodha akasema la wavuvi wa nyavu. Baba akauliza tena, polepole, nahodha akajifanya hasikii. Basi mzee akalowesha mikono yake baharini kwanza, akamshika tewa, akamtoa ndoana, akamshusha majini akamwacha aende mwenyewe. Akaniambia, "Mwanangu, kunja mshipi. Hapa ni ndani ya hifadhi."

Watamu na Malindi ni hifadhi za bahari tangu 1968. Ndani ya mipaka ya hifadhi yenyewe hakuna uvuvi wa aina yoyote, uwe wa ndoana, wavu, bunduki ya samaki au kuokota kombe. Kuna eneo la akiba linalopakana nayo ambako wavuvi wa kienyeji huruhusiwa kwa masharti, lakini mgeni hawezi kuujua mpaka huo kwa macho tu. Tiketi ya KWS ni ya kuingia kutazama na kuogelea. Haimpi mtu ruhusa ya kushusha ndoana. Na wavuvi wa Watamu walioachilia maji yale, wakawa wanavuka mwamba kwenye mawimbi kutafuta riziki, wanajua kwa nini samaki wa ndani huachwa wakue: wakizidi hutoka, na hao ndio wanaolisha wavu wa nje. Anayeleta wageni kuvua ndani anawaibia watu hao moja kwa moja. Baba yangu aliumia kwa hilo kuliko kwa kitu kingine chochote siku ile.

Tulipokataa kuendelea, nahodha akasema kwenda nje kunahitaji mafuta zaidi, 6,000, sasa hivi. Tukasema tulikubaliana bei. Akanyamaza, akakaa, hakuwasha injini. Boti ikaanza kusogea na upepo, ikageuka ubavu, maji yakawa yanapiga upande aliokaa mtoto. Mdogo wangu akaanza kupandisha sauti. Baba akamshika mkono, akaniambia mimi, "Mlipe. Huku hakubishaniwi." Nikatuma. Mtandao ulikuwepo, yeye anajua mahali pa kusimama. Injini ikawaka, na wala hatukwenda nje. Akasema mawimbi ni makubwa, akarudi ufukweni.

Pale mchangani akadai 12,000 zilizobaki. Tukakataa. Ndipo kijana wake alipoitoa ile video: binti yangu anacheka, tewa yuko mkononi, na nyuma yake boya la mpaka linaonekana wazi. Nahodha akasema kwa utulivu kabisa, "Nikiwapelekea KWS hii, mwenye samaki mkononi ni nani?"

Tuliondoka bila kumlipa, lakini tulinyamaza wiki tatu. Nilikuwa naogopa kweli. Nilimwona mwanangu ofisini kwa watu anaulizwa maswali. Mpaka siku moja kazini, mwenzangu akanisimulia alivyokwenda Watamu na wageni wake mwezi wa Juni: arubuni nusu, boti iko gereji, maji yametulia, video. Yeye alilipa zote, na baadaye akapigiwa simu akaongeza 5,000 nyingine. Nikaelewa kwamba mtu yule hakupotea njia siku ile. Kukuingiza hifadhini ndiyo biashara yenyewe, maana ukishashusha ndoana huwezi tena kwenda kumshtaki bila kujitaja.

Tulikwenda kujitaja. Tulianza kituo cha polisi tukaandikiwa OB (namba ya daftari la matukio), tukaenda ofisi ya hifadhi tukaeleza kila kitu, pamoja na tewa. Jumbe za M-Pesa zote tulikuwa nazo, na mazungumzo ya kukubaliana bei na mahali pia. Tulisikilizwa, tukaandika maelezo, tukatoka. Hofu niliyoibeba wiki tatu iliisha kwa asubuhi moja.

Sasa, kwa anayetaka kuvua na bado hajalipa. Usitume arubuni kabla mtu wako yeyote hajakiona chombo. Kama huna mtu Watamu, Kilifi au Shimoni, kila bandari ya wavuvi ina BMU yake, yaani kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuko huo, na wao wanajua boti ipi ni ya nani na nahodha yupi ana sifa gani. Muulize huyo unayeongea naye anatokea BMU ipi, kisha piga simu au tuma bodaboda aulize. Chombo cha kubeba abiria kinatakiwa kiwe na cheti cha Mamlaka ya Usafiri wa Baharini, KMA; omba picha ya cheti na ya namba iliyoandikwa ubavuni, zilinganishe. Jaketi zihesabiwe ufukweni, moja kwa kila kichwa, na ya mtoto iwe ya mtoto. Mimi tangu siku ile nazibinya zote.

Ada ya hifadhi hulipwa KWS kupitia eCitizen, tovuti ya serikali. Asiyeweza kukuonyesha risiti yake, hiyo pesa ameila. Na jina la M-Pesa likitofautiana na jina la anayejiita nahodha, usibonyeze namba ya siri. Ukishatuma ukashtuka papo hapo, peleka ule ujumbe wa M-Pesa kwenye 456 kuomba urudishiwe, maana akishaitoa pesa inakuwa vigumu. Jumbe za kitapeli zenyewe zipeleke 333.

Nahodha wa kweli utamjua kwa maswali yake. Atakuuliza tarehe, kisha ataangalia maji: ni bamvua au maji mafu, yanajaa saa ngapi, kwa sababu siku za bamvua bahari hapa hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu na mlango wa Mida, mkono wa bahari ulio jirani na Watamu, huvuta kwa nguvu maji yakitoka. Huyu wetu alisema "saa yoyote mkiamka." Wa kweli atakutajia samaki wa msimu bila kutaka kukufurahisha: kolekole na mzia karibu na mwamba, nguru nje kidogo, sulisuli kaskazi likiingia. Atakwambia pia samaki ni wa nani. Kwenye boti nyingi za uvuvi wa michezo huku, samaki ni wa chombo na mgeni hupewa kitoweo chake. Si wizi, ila lisemwe mapema.

Na kama una video yako kwenye simu ya mtu huyu, usimlipe tena hata senti. Beba jumbe zako, nenda polisi Watamu na ofisi ya hifadhi, sema yote kama yalivyotokea. Ukiogopa kwenda peke yako, nijulishe. Mimi na mwenzangu wa kazini tutakusindikiza, na baba ameshasema na yeye atakuja.