Kamusi ya simu na maana nyingi za neno "common"

Programu hii ya kamusi ya Kiingereza na Kiswahili haitozi chochote, hufanya kazi bila intaneti, na hufunguka upesi hata katika simu ya bei nafuu. Kwa mwanafunzi anayesoma ndani ya matatu kutoka Mtwapa hadi mjini, hayo si mambo madogo. Kwa kuwa kazi yangu ni kufasiri hati, nimeipima kwa neno moja ambalo Waingereza hulitumia kila siku kwa maana zisizofanana: "common".

Ukiliandika, unapewa mistari mitatu: -a kawaida, -a pamoja, -a umma. Hakuna mfano wa sentensi hata mmoja. Misemo iliyokwisha kuzoeleka imeshughulikiwa vizuri: "common cold" ni mafua, soko la Afrika Mashariki lililoanza Julai 2010 ni soko la pamoja, na mwanafunzi wa hesabu anakipata kigawe kidogo cha shirika. Hapo waandishi wake wanastahili pongezi.

Kasoro kubwa iko katika istilahi za ardhi. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012 nchini Kenya inatenganisha aina mbili za umiliki wa watu zaidi ya mmoja, "joint tenancy" na "tenancy in common", nayo kamusi imeziandikia zote mbili "umiliki wa pamoja". Tuseme mume na mke wameandikishwa nyumba moja ya Mji wa Kale kwa majina yao wote wawili. Kwa aina ya kwanza, mume akifariki, haki yake yote humwendea mke aliyebaki. Kwa aina ya pili, kila mmoja ana fungu lake katika nyumba isiyogawanywa, na fungu la marehemu huingia katika mirathi na kugawiwa warithi wake. Familia zimefika mahakamani kwa jambo dogo kuliko hilo. Mfasiri anayeitegemea kamusi hii ataipoteza tofauti hiyo bila mtu yeyote kutambua, ilhali "umiliki wa mafungu" ungetosha kumwonya msomaji.

Maana nyingine imeachwa kabisa. Mwingereza akisema tabia ya mtu ni "common", mara nyingi hana maana kwamba imeenea. Anamdharau kwa kumwona hana malezi, kinyume cha yule ambaye sisi wa pwani humwita muungwana. Anayetegemea "-a kawaida" hatajua kwamba ametukanwa. Vilevile uwanja wa kijijini uitwao "common" huko Uingereza umefasiriwa kuwa ardhi ya umma, ingawa kwa kawaida una mwenyewe, na majirani wana haki tu ya kulisha mifugo au kuokota kuni.

Kwa mwanafunzi wa sekondari naipa nyota nne. Kwa mawakili na wafasiri naipa mbili, mpaka litoke toleo lenye mifano ya sentensi na istilahi za sheria zilizotenganishwa.