Kaskazi mbili juu ya shuka za kitani

Nilinunua shuka mbili na foronya nne za kitani, kitambaa cha nyuzi za mmea uitwao pia flaksi, Desemba mwaka juzi, kaskazi ilipokuwa imeshika na usiku wa Mji wa Kale wa Mombasa haulaliki bila feni. Zilifumwa na kiwanda kidogo cha Ulaya kinachofuma kwa vipimo vya mnunuzi, na mpwa wangu ndiye aliyeniletea. Hapa kwetu nilikuwa nimeshazitafuta Barabara ya Biashara, ambako mwenye duka mmoja alidhani nataka katani, ile ya mkonge inayosokotwa kamba.

Mama hakuiamini lebo. Alichomoa uzi mmoja kwenye upindo, akauwasha kwa kiberiti, nao ukaungua upesi kama karatasi na kuacha jivu laini la kijivu. Kisha akachomoa uzi wa shuka yetu ya zamani, iliyoandikwa kuwa ni pamba tupu. Huo ulijikunja, ukayeyuka na kuacha tone gumu jeusi, ndipo tukajua kwamba miaka yote ile tulikuwa tukilalia poliesta.

Wiki za mwanzo sikuzipenda. Zilikuwa kavu na zenye kukwaruza kidogo, na kwa kuwa nyuzi za kitani hazilingani unene, vinundu vidogo vilionekana kwenye mtande na mshindio, yaani nyuzi za urefu na za upana, nami nikavidhania kuwa ni kasoro. Baada ya kufuliwa mara saba au nane zililainika, na hapo ndipo nilipoelewa thamani yake. Kitani hunyonya unyevu mwingi kabla ya ngozi kuhisi ubichi, kisha huuachilia upesi, kwa hiyo hata umeme ukikatika usiku wa Februari siamki tena shuka imenigandia mgongoni. Wakati wa kusi, nguo zetu nyingine zinapokaa kabatini na kunuka ukungu, hizi zikianikwa darini asubuhi huwa zimekauka kabla ya adhuhuri.

Kitani huwa imara zaidi kikilowa, kwa hiyo kufuliwa hakukitishi. Adui yake ni maji yetu ya kisima. Nilipozifua kwa maji hayo ya chumvi kwa mwezi mzima, bomba lilipokuwa halitoki, zilikakamaa kama turubai, na ilinibidi nizisuuze mara mbili kwa maji ya mvua ili zirudi hali yake. Mikunjo nayo haiishi, kwa sababu nyuzi hizi hazinyumbuki. Mimi huzianua zikiwa na ubichi kidogo, nikazinyoosha kwa mikono na kuzikunja, na sijazipiga pasi tangu mwaka jana.

Lawama yangu kwa kiwanda ni moja. Shuka zote mbili zilipungua takriban sentimita 9 kwa urefu baada ya kufuliwa mara ya kwanza, ilhali niliambiwa zimekwisha kuoshwa kiwandani, na sasa hazifiki vizuri chini ya godoro upande wa miguu. Nilipowaandikia walikiri kosa, wakanipunguzia bei ya oda itakayofuata, jambo ambalo si sawa na kurudishiwa pesa. Kwa shilingi 21,000 nilizolipa, nilitarajia wapime kabla ya kukata.

Hata hivyo nimeagiza nyingine, ya kitanda cha mama, nikaomba iongezwe urefu wa sentimita 15. Mama ameshaweka kiberiti tayari.