TAHADHARI: Bastola ya mashindano ya Pardini ya mkono wa kushoto inayouzwa dola 1,650 haipo, msitume hela

Ndugu zangu mnaopiga shabaha hapa California, na hasa dada zangu tunaosimama pamoja kwenye mita 25: kuna mtu anatangaza Pardini SP ya .22, mpini wa mbao wa mkono wa kushoto, saizi ndogo, imepigwa picha juu ya taulo la kijani. Bei dola 1,650. Bastola hiyo hana. Hela yangu ameshakula, na hadi naandika hapa tangazo bado lipo, amebadilisha jina la mji tu.

Najua maneno yameshaanza. "Mtu mzima na akili zake anamtumiaje hela mtu asiyemjua?" Ngojeni niwaeleze, maana aliyeniibia hakuja kama mwizi.

Hali ya hapa mnaijua. Tangu 2001 duka haliruhusiwi kumuuzia raia wa kawaida bastola isiyokuwemo kwenye Roster, yaani orodha ya Idara ya Sheria ya jimbo ya bastola zinazoruhusiwa kuuzwa, na hizi zetu za mashindano kwa kawaida hazimo. Zimeachiwa mlango wa pembeni, kifungu cha 32105 cha sheria ya jimbo, kinachotaja bastola za Olimpiki moja moja kwa kiwanda na modeli: Pardini SP, Walther GSP, Hammerli SP20 na wenzake. Wauza duka wengi hata hawakijui. Mimi nilishasimama kwenye kaunta, kijana akatazama kompyuta yake, akaniambia haimo, basi, akamgeukia mteja wa nyuma yangu. Nikamwomba asome kifungu, akaniambia yeye si mwanasheria. Na ukitaka mpya yenye mpini wa kushoto, uagize Italia usubiri mpaka ukate tamaa. Ndiyo maana sisi tunauziana wenyewe kwa wenyewe.

Sasa huyu mtu, ujumbe wake wa kwanza kabisa, kabla sijauliza chochote, aliandika: "Usihangaike na Roster, hii iko kwenye 32105." Akaniambia triga ameipima, inabeba gramu 1,000 kama kanuni za ISSF, shirikisho la kimataifa la kupiga shabaha, zinavyotaka, na magazini zipo tatu. Akaniuliza napiga kwa jicho lipi. Alisema ni mstaafu wa San Diego, bastola ilikuwa ya marehemu mkewe, na mkewe alikuwa wa mkono wa kushoto kama mimi. Nilimwandikia kwa adabu zote, kama namwandikia baba mdogo. Nani kati yenu angemshuku mtu anayejua haya yote?

Na sikutuma hivi hivi. Nilidai picha mpya, bastola ikiwa na karatasi yenye jina langu na tarehe ya siku ile. Haikupita hata nusu saa, picha ikaingia. Karatasi ya njano yenye mistari, jina langu kwa wino wa bluu, herufi zimelala kidogo kama za mzee, tarehe chini yake. Bastola pembeni, bolti iko wazi, taulo lile lile la kijani. Niliikuza ile picha nikaitazama mpaka macho yakauma. Halafu akaleta nakala ya leseni ya FFL (leseni ya shirikisho ya kuuza silaha) ya duka ambalo, kwa maneno yake, lingeisafirisha kwenda kwa muuza silaha wangu hapa Sacramento. Hilo nalo lilikaa sawa kisheria, kwa sababu bastola iliyotajwa kwenye 32105 inaweza kutoka duka hadi duka, si lazima tukutane ana kwa ana.

Nilikuwa nimetoka zamu ya usiku, nimekaa kwenye gari maegesho ya kazini, sijawasha hata injini. Ujumbe ukaingia kwenye simu. Anaandika kuna mwanamume wa San Jose yuko tayari kulipa zaidi, "lakini yule anataka kuiweka kabatini, wewe utaipeleka kwenye mashindano, na mke wangu angependa hivyo." Hapo ndipo aliponimaliza. Nikatuma dola zote 1,650 kwa Zelle, ile huduma ya kutumiana hela kupitia benki. Akajibu, "Nimeipata, Mungu akubariki." Nililia ndani ya gari kwa furaha, wallahi, na hilo ndilo linaloniunguza kuliko hela yenyewe.

Kesho yake akataka dola 380 za bima ya usafiri, eti zitarudishwa mzigo ukifika. Nikampigia muuza silaha wangu. Akaniambia hakuna duka lolote lililomtafuta, na akaniuliza swali moja: idhini ya CFLC iko wapi? Duka linalosafirisha silaha kwenda kwa duka la California lazima kwanza lipate idhini hiyo kutoka Idara ya Sheria ya jimbo. Nikamuuliza yule mtu namba ya idhini hiyo. Kimya. Halafu akageuka.

Akaandika kwamba nisipotuma 380 ataniripoti ATF, idara ya shirikisho inayosimamia silaha, kuwa nanunua bastola kwa njia haramu, na "utaona green card yako itakufikisha wapi". Mnaelewa hayo ni maneno ya kumwambia mtu wa kuja kama mimi? Kesi ya silaha ukipatikana na hatia inaweza kukurudisha kwenu, na yeye anajua. Alijuaje nina green card? Aliniuliza mapema, eti duka lake linajaza fomu. Uongo. Fomu 4473, ile ya shirikisho ya kununua silaha, unaijaza mwenyewe kwa muuza silaha wako, mbele yake, siku unayoanza kununua. Muuzaji wa upande wa pili hana haja na hali yako ya uhamiaji. Na mimi sikuvunja sheria yoyote: kulipia bastola ipelekwe kwa mwenye leseni ndiyo njia yenyewe halali. Usiku ule sikulala hata hivyo. Akikutishia hivyo usitume hata senti, hifadhi ujumbe.

Mengine niliyoyaona baadaye: jina kwenye akaunti ya Zelle halikuwa lake, "la mpwa wangu". Hakukubali kuongea kwa simu hata mara moja, eti masikio. Leseni ilikuwa ya duka la kweli, ila ukiingiza tarakimu 3 za mwanzo na 5 za mwisho za namba ya leseni kwenye FFL eZ Check, ukurasa wa ATF wa kukagua leseni, anwani inayotoka siyo iliyokuwa kwenye nakala yake. Nilipopiga simu pale dukani, mama aliyepokea alichoka kabla sijamaliza sentensi, mimi siyo wa kwanza. Na picha ni ya tangazo la zamani la Ujerumani, karatasi imebandikwa kwa kompyuta. Kivuli cha bastola kinaenda kulia, cha karatasi hakipo.

Anayetaka kuniuzia mimi kuanzia leo, tukutane kwa muuza silaha sote wawili na vitambulisho, PPT ya kawaida (mauziano ya watu binafsi kupitia muuza silaha), hela naiweka pale kaunta.

Nimeshaandika IC3 ya FBI, panapopokea malalamiko ya uhalifu wa mtandaoni, na ofisi ya mwanasheria mkuu wa jimbo. Benki imeniambia nilituma mwenyewe kwa hiari yangu. Sawa. Ulaghai wa mtandaoni kwa sheria ya shirikisho unafika miaka 20 jela, na mimi nataka apewe yote 20, asipunguziwe hata mwezi, mtu anayezua mke marehemu ili aibe. Mkimwona msimtukane wala msimwambie mmemjua, atafuta kila kitu. Pigeni picha za tangazo, namba na jina la akaunti, mniletee. Na kama alishakula yako ukanyamaza kwa aibu, niandikie pembeni, sitakutaja. Tukipeleka malalamiko yetu pamoja na jina lile lile la "mpwa", itakuwa vigumu kuyaweka kando.