Chumba cha mazoezi ya mkono: nyota nne, na dole gumba langu ndilo shahidi

Mimi ni fundi cherehani hapa Morogoro. Mwaka juzi nilipeleka mahindi kusaga, mkanda wa mashine ukanivuta mkono wa kushoto na kulivua ngozi dole gumba kama soksi. Hospitali walichukua ngozi ya kinenani, wakaiacha ishikane na mwili upande mmoja ili iendelee kupata damu, upande wa pili wakaushonea doleni. Wiki tatu nimelala chali, mkono umeshonewa kinenani, kuoga ni kuogeshwa. Nesi akigusa hiyo ngozi pale doleni, mimi nasikia kaguswa kinena! Walipokuja kutenganisha, hata hiyo ikapotea. Nikabaki na dole nene, laini, lenye vinyweleo vya ugenini, ganzi tupu.

Operesheni yenyewe sina neno, dole lipo. Ila nilitoka na vidonge na tarehe ya kutoa nyuzi, habari ya ganzi hakuna aliyeigusia. Mwezi wa pili nipo na pasi ya mkaa, nanyoosha suruali ya mteja, nikasikia harufu ya nyama inaungua. Nikageuka kuangalia jikoni. Kumbe ni dole langu, limeegemea pasi.

Kidonda hicho ndicho kilichonipeleka kwenye chumba hiki cha tiba kazi, yaani mazoezi ya kuurudisha mkono kwenye shughuli zake za kila siku. Siku ya kwanza 20,000, marudio 10,000. Mtaalamu ni binti mdogo kwangu, lakini hadanganyi mtu.

“Mama, fumba macho. Nikikugusa sema ndiyo.”

“Ndiyo.”

“Hapo sijakugusa, mama.”

Anapimia kwa vinyuzi vya nailoni, kimoja chembamba kama unywele, kingine kigumu kama bua la ufagio wa chelewa. Anakibonyeza mpaka kipinde kidogo, anauliza. Kisha anachora kwa kalamu mpaka wa pale ninaposikia na pale nisiposikia. Akanieleza kwamba ile ngozi haikuungwa na mshipa wowote wa fahamu, kwa hiyo mishipa inaingia yenyewe kutoka pembeni na chini, na itachukua miezi mingi. Mshipa wenye njia nzuri huota kama milimita 1 kwa siku. Wangu ulipaswa kupenya makovu. Akasema wazi: “Usitegemee lile dole la zamani. Tunatafuta linalokwambia hiki ni moto.” Nilinuna siku hiyo, nakiri.

Kilichotangulia kurudi ni maumivu ya kuchomwa sindano. Mguso mwepesi ulichelewa sana. Katikati hapo sisimizi walitembea humo usiku kucha, na shoti kila nikiligonga dole mezani. Mtaalamu akafurahi kusikia hivyo, kwake ni dalili kwamba mishipa inaota, mimi nilikuwa sijalala.

Mazoezi yake ni ya jikoni: kutafuta vifuniko vya soda ndani ya mchele, kuchambua kunde. Aliposikia mimi ni fundi akaniambia nije na vipande vya vitambaa. Naangalia kipande huku nakipapasa, nafumba macho napapasa tena, kisha nakipapasa kwa mkono wa pili usioumia ili kichwa kikumbuke. Mara kadhaa kwa siku, dakika chache chache. Mwezi wa tisa nilitenganisha kitambaa cha jinzi na cha satini bila kuangalia, nikapiga kigelegele mle ndani. Kanga na kitenge mpaka leo nabahatisha. Chai ya moto nasikia. Pasi nimehamishia mkono wa kulia, sijaribu bahati.

Nyota moja nimeinyima kwa sababu zangu. Foleni ni ya kukesha, niliwahi kukaa saa 4 kwa kipimo cha dakika 15. Pazia halifiki mwisho, na mimi nilikuwa naonyesha pia kovu la kinena. Halafu usikubali kupangiwa kwenda kila wiki. Mchele na kunde unavyo nyumbani. Unachokwenda kununua pale ni kupimwa, na mpaka ule hausogei kwa wiki moja. Nilipoomba iwe mara moja kwa mwezi, binti mwenyewe alikubali bila ubishi.

Chukua namba kabla ya saa mbili asubuhi. Jumatano usiende, huwa yupo wodini. Na kama umeongezeka mwili, usishtuke dole nalo likinenepa: mafuta yake ni ya kinenani, bado yanafuata tabia za kwao.