Tathmini ya Huduma ya Mtandaoni kwa Wenye Wasiwasi Uliopita Kiasi

Huduma niliyoitumia hutoa tiba ya metakognisheni, yaani namna mtu anavyoyafikiria mawazo yake mwenyewe, kwa njia ya mtandao: masomo mafupi ya kusoma na kusikiliza, hojaji ya kila juma, na vikao vya video na mtaalamu wa saikolojia. Tiba hiyo iliasisiwa na Adrian Wells wa Chuo Kikuu cha Manchester, Uingereza, na upekee wake ni kwamba haishughuliki sana na kile unachokihofia, bali na yale unayoyaamini kuhusu wasiwasi wenyewe.

Hapo ndipo nilipoiona thamani ya fedha niliyolipa. Mwenye wasiwasi mwingi huamini mambo mawili yanayopingana, kwamba kuwaza mabaya mapema kunamkinga, na papo hapo kwamba mawazo hayo hayazuiliki na yatamdhuru. Hivyo hathubutu kuyaacha wala hapati raha nayo. Zoezi la kuahirisha wasiwasi huipima imani hiyo ya pili kwa vitendo: wazo likija unalitambua, unaliacha lilivyo bila kulijadili, na unatenga dakika chache za baadaye za kuliwaza ukipenda. Muda huo ukifika, mara nyingi haja ya kuwaza imekwisha, na mtu anajionea kwamba uwezo wa kuacha alikuwa nao siku zote. Mazoezi ya umakini, ambayo ni kusikiliza sauti kadhaa na kuhamisha usikivu kutoka moja hadi nyingine, nayo hayapungukiwi kitu kwa kufanyika mtandaoni.

Masomo peke yake, hata hivyo, hayatoshi. Ni rahisi mno kuahirisha kugeuka kuwa kuyafukuza mawazo, jambo lililo kinyume kabisa cha mafundisho, na hakuna maandishi yanayoweza kuligundua. Mtaalamu huligundua kwa kukuuliza tu ulifanya nini wazo lilipokuja. Kwa sababu hiyo sipendekezi kifurushi cha bei nafuu kisicho na vikao.

Tangazo la huduma linataja jaribio la Norway lililochapishwa mwaka 2018, ambamo asilimia 65 ya waliopata tiba hii walipona, dhidi ya asilimia 38 ya waliopata tiba ya utambuzi na tabia, ile inayolenga kubadili mawazo na mienendo ya mgonjwa. Takwimu hizo ni za kweli, lakini wagonjwa wale walitibiwa ana kwa ana, na ilipasa mteja aelezwe hivyo waziwazi. Kabla ya kulipa, uliza kama mtaalamu utakayepewa amefunzwa tiba hii hasa, na kama atabaki yuleyule hadi mwisho.