Schifferstadt, nyumba ya mawe ya 1758 hapa Frederick: nimeenda na mama

Jamani kama mko huku Maryland na hamjafika Schifferstadt nendeni, mimi nimepita hiyo Rosemont Avenue miaka na miaka naiona tu nyumba ya mawe kando ya barabara, sikuwahi kusimama mpaka mama alipokuja toka Machame nikawa natafuta pa kumpeleka.

Ni nyumba ya kina Brunner, wahamiaji wa Kijerumani, jina wamelitoa kijijini kwao. Mzee Joseph ndo alileta familia, hii ya mawe akaijenga mwanae Elias. Kuta nene kama sentimita 75 hivi, boriti za mwaloni zimechongwa kwa mkono na kushikizwa kwa vigingi vya mbao. Ilikuwa karibu kubomolewa, mwaka 1974 chama cha kuhifadhi majengo ya kale cha hapohapo kikainunua. Siku tuliyoenda fenicha zilikuwa chache sana na mi naona ndo vizuri, unaiona nyumba yenyewe ilivyojengwa.

Ila jiko sasa! Chumbani kuna boksi la chuma limetokeza ukutani, vibao vitano, halina mlango wala bomba la moshi. Mama akaliangalia weee akauliza, sasa kuni wanaweka wapi? Mama kapika kwa kuni maisha yake yote, moshi anaujua. Yule dada anayetembeza wageni akatupeleka upande wa pili, jikoni, akatuonyesha tundu ukutani nyuma ya meko, makaa unasukumia humo na moshi unarudi hukohuko unatokea kwenye dohani ya jikoni, chumbani linafika joto tupu.

Kwenye hicho chuma kuna mwaka 1756 na maneno ya Kijerumani, dada alipoanza kututafsiria nikamwambia mama, na mama akamalizia mstari wote kwa Kiswahili, ni mstari wa Biblia. Mstari huo kwetu upo sebuleni, kwenye kitambaa alichodarizi bibi. Machozi yalinilenga kwa kweli.

Ngazi za kwenda juu zinataka magoti mazima, mama alibaki chini. Hawafungui kila siku na winta wanafunga kwahiyo ulizia kwanza.

Nyota tano. Tunarudi wikendi ijayo, mama anataka nimpigie picha lile tundu la jikoni vizuri amwonyeshe fundi nyumbani.